Toleo la kwanza na toleo la marudio: ubishi wa santuri katika sebule moja ya Area C

Jirani yangu hapa Area C, Dodoma, ambaye mtaa mzima humwita Fundi kwa sababu alitengeneza redio na amplifaya kwa zaidi ya miaka 30 kabla mikono yake haijaanza kutetemeka, anaamini kwamba santuri iliyofyatuliwa mara ya kwanza, wakati mkanda waliorekodia wanamuziki ungali mbichi, haiwezi kushindwa na toleo lolote lililokuja baadaye. Mimi nilianza na imani iliyo kinyume na yake. Nilidhani kwamba hizi santuri za marudio zinazotengenezewa wapenzi wa sauti safi, zenye majalada mazito na bei nzito zaidi, ni lazima ziwe bora, kwa kuwa mitambo imeendelea na wanaozitengeneza hawana haraka. Tumebishana kwa karibu miaka miwili, mara nyingi siku za Jumapili baada ya ibada, tukiwa na chai na santuri mbili mezani. Nilipofikia leo si pale nilipoanzia, wala si pale alipo Fundi.

Kwanza nieleze jinsi santuri inavyotengenezwa, kwa sababu nusu ya ubishi huu hutokana na watu kudhani kwamba toleo la kwanza ni kitu kimoja. Waandishi wetu wa habari za muziki wamezoea kusema kwamba bendi fulani "imefyatua" kibao kipya, na wengi hulisikia neno hilo kama pambo la lugha, ilhali kwa santuri ni neno la kazi kama lilivyo kwa matofali. Sauti hutoka kwenye mkanda na kuingia kwenye mtambo wa kukatia, ambao sindano yake ya yakuti huchimba mfuo mmoja mrefu, unaozunguka kuelekea ndani, juu ya sahani ya alumini iliyopakwa laka laini. Sahani hiyo haikusudiwi kuchezwa. Hupuliziwa madini ya fedha ili ipitishe umeme, kisha hutumbukizwa kwenye maji ya nikeli hadi ivikwe ganda la chuma, na ganda hilo likibanduliwa huitwa baba. Baba huzaa mama, na mama huzaa kalibu, ambazo ndizo hubana donge la plastiki ya moto juu na chini, kama mfyatua matofali anavyoshindilia udongo kwenye fremu. Kalibu moja hufyatua santuri elfu moja hivi, au pungufu kidogo katika kiwanda kinachojali, halafu kingo zake huanza kulegea na nyingine huchukua nafasi yake.

Kwa hiyo watu wawili wanaweza kuwa na santuri za mwaka uleule na zenye lebo ileile, mmoja akawa na ya hamsini kutoka kalibu mpya na mwenzake akawa na ya mwisho kabla kalibu haijatupwa, na wote wawili wakaapa kwamba wana toleo la kwanza. Tena santuri za muziki wa nje zilizofyatuliwa katika nchi nyingine mara nyingi hazikukatwa kutoka kwenye mkanda wa asili, bali kutoka kwenye nakala iliyosafirishwa, na kila nakala ya mkanda huongeza mvumo wake na kupunguza ung'avu kidogo. Ya kwanza kwa tarehe inaweza kuwa ya tatu kwa ukaribu na studio. Fundi huwa haipendi hoja hii, lakini hajawahi kuikana.

Kabla hatujalinganisha chochote ilibidi nijifunze kwa aibu. Mashine yangu ya santuri niliipata kwa ndugu aliyerudi kutoka Marekani, ikiwa imeshatumika, na kwa kuwa ilihitaji volti 110 nilinunua transfoma ya kushusha umeme na kujiona nimemaliza kazi. Santuri ya kwanza kuiweka ilikuwa ya Jim Reeves, na yule bwana, ambaye hata kwa kawaida sauti yake iko chini, alisikika kama mtu anayesoma matangazo ya vifo. Nilidhani mkanda wa mpira umelegea. Fundi alikuja, akabandika kipande cha karatasi pembeni mwa sahani, akaniambia nihesabu mizunguko huku yeye akiangalia saa ya simu. Tulipata mizunguko 28 hivi kwa dakika badala ya 33 na theluthi.

"Mwanangu," akasema, "umebadilisha volti, lakini mzunguko wa umeme hujaugusa. Kwao ni 60 kwa sekunde, kwetu ni 50."

Mota ya mashine ile hufuata mapigo ya umeme wa mtandao, na transfoma haiwezi kuyabadilisha, kwa hiyo ilizunguka kwa tano ya sita ya mwendo wake. Tulikwenda kwa fundi wa kukereza vyuma, akatuchongea puli yenye kipenyo kilichozidi ile ya zamani kwa sehemu moja ya tano, na Jim Reeves akafufuka. Nalieleza hili kwa sababu nimesoma watu wakiandika kurasa nzima za tofauti kati ya santuri mbili bila kusema hata neno moja juu ya mashine wanayoitumia, na mimi mwenyewe ningeweza kuandika kurasa hizo wakati sahani yangu inazunguka kama punda aliyechoka.

Sasa nije kwenye santuri zenyewe. Mzungu mmoja aliyefundisha hapa mkoani miaka ya 1970 aliacha boksi la santuri za jazi alipoondoka, na boksi hilo lilizunguka kwa watu kadhaa kabla ya kunifikia. Ndani yake mna nakala ya Kind of Blue ya Miles Davis, yenye lebo ya Columbia ya miaka ya 1960. Si ya mwaka wa kwanza, lakini mfuo wake umetokana na mkanda uleule uliotumika tangu albamu ilipotoka mwaka 1959. Rafiki yangu anayesoma Uholanzi alinitumia toleo jipya la albamu hiyohiyo. Kifurushi kilifika Dar es Salaam, kikapanda treni ya SGR hadi hapa, na nikaiweka juu ya meza kando ya ile ya zamani nikiwa na hakika kwamba ningemshinda Fundi kabla ya chai kupoa.

Nilimshinda, lakini si kwa sababu niliyoitegemea. Albamu ile ilirekodiwa katika studio ya Columbia ya Mtaa wa 30 mjini New York kwa vikao viwili, tarehe 2 Machi na tarehe 22 Aprili 1959. Katika kikao cha Machi, mashine kuu ya kurekodia ilikuwa ikizunguka polepole kidogo kuliko inavyotakiwa, na mkanda uliorekodiwa polepole ukichezwa kwa mwendo sahihi hutoa muziki wa kasi zaidi na wenye sauti iliyopanda. Nyimbo tatu za kikao hicho ndizo zilizojaza upande wa kwanza wa santuri, na kwa zaidi ya miaka 30 dunia nzima ilisikiliza upande huo ukiwa umepanda, huku wanafunzi wa muziki wakishangaa kwa nini hawawezi kupiga pamoja nao bila kukaza nyuzi zao upya. Kosa liligunduliwa mwaka 1992, walipotumia mkanda wa akiba uliorekodiwa na mashine ya pili siku ileile, mashine ambayo mwendo wake ulikuwa sawa.

Mimi sina sikio la kugundua jambo dogo kiasi hicho, ila kijana wa Fundi hupiga kinanda kanisani, na jioni ile alikuja nacho. Aliweka santuri ya zamani, akasubiri besi itulie, akabonyeza noti, akakunja uso. Akabonyeza tena. Besi ilikuwa juu ya kinanda kwa kiasi ambacho, mara tu unapoonyeshwa, huwezi tena kujifanya hukisikii. Akaweka toleo jipya, na noti zikakaa pamoja kama vikombe vya seti moja. Fundi alinyamaza, kisha akauliza kama kinanda chenyewe kimepimwa.

Hapa basi toleo la marudio ni bora, na si suala la ladha. Lakini angalia ni kwa nini. Hakuna teknolojia mpya iliyoongeza kitu. Kuna mtu aliyekwenda ghalani, akatafuta mkanda mwingine wa siku ileile, akausikiliza kwa makini kuliko waliomtangulia.

Santuri ya pili tuliyoibishania ilinichanganya zaidi. Katika boksi lilelile mna Blue Train ya John Coltrane, iliyorekodiwa tarehe 15 Septemba 1957 na Rudy Van Gelder sebuleni kwa wazazi wake huko Hackensack, New Jersey, kwa ajili ya kampuni ya Blue Note. Nakala yangu ilifyatuliwa baada ya Blue Note kununuliwa na kampuni ya Liberty katikati ya miaka ya 1960, lakini ukiiinamisha kwenye mwanga wa dirisha, katika ile sehemu tupu kati ya mwisho wa mfuo na lebo, utaona jina la Van Gelder limegongwa kwenye plastiki. Maana yake ni kwamba mkono uliokata mfuo ule ni mkono uleule uliorekodi. Toleo la marudio ninalolinganisha nalo ni la mwaka 2022, katika mfululizo wa Tone Poet ambao Blue Note yenyewe iliuanzisha mwaka 2019 chini ya usimamizi wa Joe Harley. Mkataji wake ni Kevin Gray, anayekata moja kwa moja kutoka kwenye mkanda wa asili, na santuri hufyatuliwa katika kiwanda cha RTI huko Camarillo, California. Wakati huo bei ya kawaida ya santuri moja ya mfululizo huo ilikuwa kati ya dola 30 na 40, ambayo kwetu ni fedha ya kufikiria mara mbili, ingawa ni ndogo sana ukilinganisha na wanachodai wauzaji wa nakala za kwanza zilizo safi.

Kipimo changu kilikuwa Paul Chambers, mpiga besi ambaye yumo katika albamu zote mbili nilizozitaja. Kwenye santuri ya zamani besi yake ipo, lakini kama mtu anayezungumza kutoka chumba cha pili. Unajua anasema nini, ila huoni midomo. Kwenye toleo jipya anaingia sebuleni, na vidole vinasikika vikiachia waya. Sababu yake inajulikana. Van Gelder alikuwa akikata santuri za watu wa kawaida wenye mashine za kawaida, ambazo sindano zake nzito zilikuwa zikirushwa nje ya mfuo na besi kubwa, na santuri iliyorusha sindano ilirudishwa dukani. Kwa hiyo alipunguza besi za chini kabisa na kuibana sauti ili ya chini na ya juu zisiachane mno. Mkataji wa leo anajua kwamba mnunuzi wake ana mashine nzuri, na hana sababu ya kuogopa.

Ilipofika zamu ya tarumbeta ya Lee Morgan, hata hivyo, Fundi aliinua kidole bila kusema neno, na nilijua amepata. Kule kubanwa kwa sauti kulikopunguza besi ndiko kulikozipa tarumbeta, trombone na saksafoni zile nguvu ya kukufuata hadi jikoni. Toleo jipya lina tarumbeta nzuri, pana, yenye hewa pembeni, na adabu nyingi. La zamani lina tarumbeta ya mtu wa miaka 19 anayetaka kusikika hadi mtaa wa pili. Ukiniuliza lipi liko karibu zaidi na mkanda, nitasema jipya bila kusita. Ukiniuliza lipi liko karibu zaidi na alichotaka Van Gelder mtu akisikie nyumbani, sina ujasiri huo, kwa sababu la zamani alilikata yeye. Nimekuwa nikicheza jipya mara nyingi zaidi, na la zamani ninapokuwa na wageni.

Lipo jambo moja ambalo Fundi analo upande wake na hakuna mhandisi awezaye kumnyang'anya, nalo ni umri wa mkanda. Mkanda wa sauti ni unga wa oksidi ya chuma uliogandishwa juu ya plastiki kwa gundi. Kila unapochezwa huacha unga kidogo kwenye vichwa vya mashine, na hata ukilala tu, sauti za juu hufifia na tabaka moja huambukiza sauti yake kwa tabaka lililolaliwa. Mikanda mingi ya miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 ina ugonjwa mwingine, kwamba gundi yake hunyonya unyevu na kunata, hadi ioteshwe joto la taratibu katika kabati maalumu ndipo ichezeke kwa muda mfupi. Na mikanda huungua. Tarehe 1 Juni 2008 moto uliteketeza ghala katika eneo la Universal Studios huko Hollywood, na ndani yake mlikuwa na mikanda ya asili ya wanamuziki wengi, jambo ambalo umma ulikuja kulielewa kwa ukubwa wake miaka 11 baadaye gazeti la New York Times lilipoliandika. Kwa muziki ulioungua, santuri ya kwanza iliyokatwa wakati mkanda una wiki mbili tangu urekodiwe imebaki kuwa shahidi wa karibu kuliko wote.

Shahidi huyo, hata hivyo, lazima awe mzima wa afya, na hapa Dodoma afya ya santuri si jambo la kudhania. Upepo wa kuanzia Julai hadi Oktoba huingiza vumbi jekundu mahali ambapo hata mchwa hawafiki, na ukavu wa hewa huifanya plastiki ijae umeme tuli, kiasi kwamba santuri ikitolewa kwenye gamba lake huvuta vumbi kama sumaku. Ndani ya mfuo, vumbi lile husagwa na sindano na kuwa msasa. Mimi huosha kwa maji ya betri, yale yaliyochujwa na yasiyo na asidi, pamoja na tone la sabuni ya vyombo na brashi laini ya rangi, nikifuata mfuo bila kuukata. Usijaribu kuongeza spiriti kwa santuri za kale kabisa za mizunguko 78, kwa sababu hizo zilitengenezwa kwa utomvu wa wadudu ambao spiriti huuyeyusha. Na kama una gari, usiache santuri kiti cha nyuma ukaingia sokoni Sabasaba kununua nyanya. Yangu moja ilirudi nyumbani ikiwa imejikunja kama chapati iliyopuliziwa, na bado nataniwa kwa ajili yake.

Toleo la marudio, kwa hiyo, huanza na faida moja isiyo na uhusiano wowote na ustadi: halijachakaa. Watu wengi wanaodai kwamba toleo jipya limeshinda wamelilinganisha na santuri iliyosagwa na sindano za miaka 40, na hapo hawajapima ukataji, wamepima matunzo.

Uzito ni hadithi nyingine. Karibu kila santuri ya marudio ya bei ghali hujitangaza kuwa na gramu 180, kana kwamba tunanunua samaki. Nilipeleka mbili kwa mwenye duka la jirani anayepima sukari kwa mizani ya dijitali, naye baada ya kuniuliza kilo moja ya hizi ni shilingi ngapi, alinipimia: mpya ilikuwa gramu 182, ya zamani 134. Lakini mfuo uko juu ya uso wa plastiki, na kina chake hakiongezeki kwa kuwa chini yake kuna plastiki zaidi. Santuri nzito hukaa vizuri zaidi kwenye sahani na pengine hujikunja kwa taabu. Basi.

Faida ya kweli ni ile ya kukata albamu moja katika santuri mbili za mizunguko 45. Kwa mizunguko 33 na theluthi, mfuo ulio ukingoni hupita chini ya sindano kwa kasi ya sentimita 51 hivi kwa sekunde, na ule ulio karibu na lebo kwa sentimita 21 tu, kwa kuwa mduara umekuwa mdogo. Mawimbi yaleyale yanasongamana katika urefu usiofika nusu, na ndiyo maana wimbo wa mwisho wa upande husikika umechoka. Kuongeza mizunguko hupunguza msongamano huo, na sikio hulitambua bila kuambiwa. Gharama yake ni kwamba unainuka kila baada ya dakika 10 kugeuza, na Fundi, kwa magoti yake, ameshaipigia kura ya hapana.

Sasa niseme juu ya kisa kilichotikisa wapenzi wa jambo hili duniani kote, kwa sababu ndicho kilichonibadilisha mimi. Kampuni ya Mobile Fidelity ya Marekani ilijijengea jina tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa kutoa matoleo ya marudio yenye maandishi juu ya jalada kwamba yametoka kwenye rekodi ya asili, na baadhi ya matoleo yake ya miaka ya karibuni yaliuzwa dola 125 kwa albamu moja. Wateja wake wengi walikuwa watu wanaoamini kwamba sauti ikigeuzwa namba, hata kwa sekunde moja, roho yake hutoka na hairudi. Julai 2022, Mike Esposito, mwenye duka la santuri huko Phoenix, Arizona, alitoa video akisema amesikia kwamba kampuni hiyo hutumia dijitali. Kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba kampuni ilimkaribisha ofisini kwake Sebastopol, California, na wahandisi wake wakakiri mbele ya kamera yake kwamba ndivyo ilivyo: mkanda wa asili hunakiliwa kwanza katika mfumo wa dijitali uitwao DSD, na santuri hukatwa kutoka nakala hiyo. Ilibainika kwamba walikuwa wakifanya hivyo tangu mwaka 2011. Kesi zikafunguliwa.

Kwa muda wa miaka 11, watu waliosema masikio yao huitambua dijitali kama ulimi unavyotambua maziwa yaliyochacha walikuwa wakizisifu santuri hizo kuwa ndizo safi kuliko zote, ndizo zenye joto, ndizo zisizo na chembe ya dijitali. Wengine walikuwa wameziuza nakala zao za kwanza ili wazinunue. Nilipomsimulia Fundi, nilitegemea acheke na kusema ndiyo maana yeye hanunui vitu vya marudio. Alifikiri kidogo.

"Hao waliuziwa mbuzi kwenye gunia," akasema. "Lakini mbuzi mwenyewe alikuwa mnono."

Sijasikia mtu aliyelieleza vizuri zaidi. Kampuni ilistahili kulaumiwa, kwa sababu mnunuzi alikuwa na haki ya kujua anachokilipia dola 125. Hilo ni suala la uaminifu. Suala la sauti ni jingine, nalo limeonyesha kwamba hatua moja ya dijitali iliyofanywa kwa uangalifu, na watu wenye mkanda sahihi na mkataji mzuri, haikusikika hata kwa wale walioapa kwamba wangeisikia. Tangu hapo nimeacha kuuliza kama toleo limepita kwenye kompyuta. Huuliza limetoka mkanda upi, na nani amelikata.

Na swali hilo ukilileta nyumbani, kwenye zilipendwa zetu wenyewe, linauma. Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi zetu kwenye mikanda kwa ajili ya kurusha hewani, lakini bendi iliyotaka santuri mara nyingi ilipanda basi kwenda Nairobi, ambako kulikuwa na kampuni na kiwanda. Mbaraka Mwinshehe alirekodi huko na Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, hadi ajali ya gari ilipomuua nchini Kenya Januari 1979. Baba yangu mdogo, aliyekuwa mfanyakazi wa reli kati ya Morogoro na hapa, aliniachia santuri ndogo 40 hivi za mizunguko 45, na ndani yake moja ya Mbaraka ambayo niliikuta pia katika mkusanyiko mpya wa santuri kubwa uliotolewa na kampuni moja ya Ulaya nisiyotaka kuitaja. Jalada lake ni zuri ajabu. Lina picha, lina maelezo, na kwa maandishi madogo nyuma lina maneno kwamba wimbo huo ulinakiliwa kutoka kwenye santuri.

Wanaofufua muziki wa zamani wa Afrika hulazimika kufanya hivyo mara kwa mara, kwa sababu mkanda haupatikani au aliye nao hajulikani, na siwalaumu. Ninachowalaumu ni walichokifanya baadaye. Programu ya kuondoa kelele imepitishwa kwa nguvu hadi mvumo wote umeondoka, na pamoja nao umeondoka mchakacho wa manyanga, ambao ndio uliokuwa ukiibeba midundo ya wimbo mzima. Saksafoni zinasikika kama zimefunikwa blanketi. Mono imegeuzwa stereo ya kubuni, solo la Mbaraka likitangatanga kati ya spika mbili kama mtu anayetafuta kiti. Niliweka santuri ya baba mdogo, pamoja na mikwaruzo yake inayosikika kama maandazi yanakaangwa, na ndani ya sekunde tano manyanga yakarudi. Fundi hakusema kitu. Hakuhitaji.

Tulipoyasikiliza yote mawili mara ya nne au ya tano, yeye ndiye aliyegundua jambo. Katika ubeti wa pili wa toleo la Ulaya kuna kishindo kidogo, kimelainishwa na programu lakini kipo. Kwenye santuri yetu, mahali hapo ni safi kabisa. Kwa hiyo santuri waliyoinakili ilikuwa na jeraha lake, ya mtu mwingine, ambaye sindano yake iliruka hapo miaka mingi iliyopita katika sebule nisiyoijua. Na pale ambapo yetu imeharibika vibaya, kwenye sekunde 20 za mwisho ambazo baba mdogo alikuwa akizirudia rudia, ya kwao ilikuwa nzima.

Tuliinakili yetu kwenye kompyuta baada ya kuiosha mara mbili, tukaondoa mikwaruzo mikubwa mmoja mmoja kwa mkono bila kugusa mvumo, kazi iliyochukua jioni tatu. Kisha tukachukua zile sekunde za mwisho kutoka toleo la Ulaya, tukazirudisha mono, tukaziunga. Unaposikiliza kwa makini utasikia manyanga yakififia kwenye kiungo, lakini wimbo unafika mwisho wake, jambo ambalo halikuwahi kutokea nyumbani kwetu tangu nikiwa mtoto.

Nilimwambia Fundi kwamba, apende asipende, tulichotengeneza ni toleo la marudio. Akanijibu kwamba vipande vyote viwili vimetoka kwenye toleo la kwanza, akasukuma kikombe chake kando, akaniomba niweke upande wa pili.